Zamu ya Wifi

“Huyu mtu wako ni wangapi?”

Ndivyo simu ilivyoanza, hakuna salamu wala habari za asubuhi. Mama Vibarua alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anasukuma dirisha la ofisi ambalo halijawahi kufunguka tangu jengo lisimame. Sauti akaitambua papo hapo. Ilikuwa ya meneja wa kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hospitali na hoteli za mji mzima.

“Wangapi kivipi, Bwana Meneja?”

“Nakuuliza wewe! Mimi niliajiri mtu mmoja. Leo nimemwambia avue barakoa, nimekuta mtu mwingine kabisa. Njoo. Njoo sasa hivi, kabla sijaita polisi.”

Akakata. Mama Vibarua akaiangalia simu, akaiangalia chai, akasema neno ambalo mama wa heshima zake halisemi mbele za watu. Kisha akatafuta viatu vyake chini ya meza.

Jina la Mama Vibarua hakujipa mwenyewe. Alipewa na hao anaowahangaikia, watu waliofika juzi na jana kutoka mbali, na mabegi yao bado yana vumbi la kwao. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya fundi viatu, kinanuka gundi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kazi yake ni kuwatafutia wenzake kazi, na anayedhani hiyo ni kazi ya kukaa kitako ajaribu yeye. Unampigia mwenye kampuni, anakuuliza, huyo mtu ana uzoefu wa hapa? Jamani! Kafika wiki iliyopita, uzoefu wa hapa atautoa wapi, auokote uwanja wa ndege? Fundi umeme aliyewasha taa za mtaa mzima kwao anaambiwa aanze kwa kufagia, na akikubali kufagia anaulizwa ana cheti cha ufagio. Mama Vibarua amezunguka mji huu mpaka walinzi wa mageti wanamjua kwa kikohozi. Anarudi nyumbani miguu imevimba, na kesho yake anatoka tena.

Katika watu wake wote, aliyemkaa rohoni ni Mama Pacha. Huyu alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Alifika na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na mtoto mmoja wa kike, Kurwa. Doto, pacha wake, alibaki. Siku ya safari Doto aliamka na surua, uso mzima vipele, na wenye uwanja wa ndege walipomtazama tu wakasema huyu hapandi. Kuahirisha haikuwezekana, kwa kuwa nafasi walizopewa zilikuwa za siku hiyo na si nyingine. Bibi yake akamshika mkono mtoto, na wenzake wakapanda wakilia. Surua ilipona zamani. Mtoto bado yuko kule.

Mama Pacha alipokwenda uhamiaji kumwombea, akajibiwa kwamba mtoto ataletwa siku mama yake atakapokuwa na ajira ya kudumu. Si kibarua cha leo kipo kesho hakipo. Ajira ya kudumu, yenye mkataba. Basi Mama Vibarua aligonga mlango wa kile kiwanda mpaka meneja akachoka kumwona. Akamchukua Mama Pacha kwa majaribio, akasema akifaa atampa mkataba, na wakifurahishana atachukua na wengine wanne. Wengine wanne! Mama Vibarua alishuka ngazi za kiwanda siku ile anaimba. Na majaribio yenyewe yalikuwa yanaisha wiki hii hii.

Sasa ndiyo hii simu ya polisi.

Njia nzima alikuwa anaongea peke yake. Labda wamemfananisha. Labda ni mwizi wa sare. Labda yule meneja amelewa, ingawa hanywi. Alipofika, mlinzi akamfungulia bila kumuuliza kitu, akamwonea huruma kwa macho, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

Kiwandani mle ndani mvuke ulikuwa umejaa mpaka darini. Mashine ya kupiga pasi mashuka ni mirija miwili mikubwa ya chuma, ya moto, inayozunguka mchana kutwa. Wanawake wawili wanalishika shuka ncha zake, wanalilisha mashine, na upande wa pili wawili wengine wanalipokea na kulikunja. Ni mashuka ya wagonjwa, kwa hiyo kila mtu amefunika nywele, amevaa barakoa na glavu. Kinachoonekana ni macho tu. Mama Vibarua aliyatazama yale macho yakipita kwenye mvuke. Akaanza kuelewa.

Ofisi ya meneja ilikuwa ya vioo, na ndani yake wamekaa watatu kwenye benchi moja. Mama Pacha, aliyeitwa kutoka nyumbani, na nguo zake za nyumbani. Kurwa ubavuni pake, anakohoa. Na wifi mtu, amevaa sare ya kiwanda, kwenye kifua chake kimening'inia kitambulisho chenye picha ya Mama Pacha.

“Shikamoo, mama,” wakaamkia wote watatu kwa pamoja, nyuso zimechangamka kabisa.

Hiyo ndiyo iliyompandisha presha Mama Vibarua. Wangekuwa wameinamisha vichwa, angejua pa kuanzia. Hawa walikuwa wamekaa kama watu waliokuja kuposa.

“Marahaba. Ebu niambieni, nini hiki?”

“Nikuambie mimi,” akasema meneja. Alikuwa mtu mnene, mwenye kalamu sikioni, na siku hiyo hata kalamu ilikuwa inatetemeka. “Kila miezi michache nabandika ukutani picha ya mfanyakazi bora. Safari hii nikasema, mtu wako huyu anastahili. Mashuka yake yamenyooka, hachelewi, hakosi. Nimeshuka mwenyewe na simu yangu nimpige picha. Namwambia, dada, shusha barakoa utabasamu. Anashusha. Anatabasamu. Si yeye!”

“Nilitabasamu kwa kuwa uliniambia nitabasamu,” akasema wifi mtu.

“Msimamizi wangu alishaniambia kwamba kuna siku huyu dada anakuwa mfupi. Nikamjibu akapime macho. Kumbe!”

Mama Vibarua akageuka kwa Mama Pacha. “Mama Pacha. Ni kweli?”

“Ni kweli, mama.” Hakuna hata kigugumizi. “Kurwa pumu ilimbana. Chumba chetu kina unyevu, unakijua. Siwezi kumwacha anahema vile. Basi nikamtuma wifi.”

“Ukamtuma wifi.”

“Ee. Kwetu mtu akipata dharura hakai kimya nafasi yake ikawa wazi, ni dharau hiyo kwa mwenye kazi. Unatuma mtu wako, tena unatuma mtu mwema. Anayekaa kimya ndiye mvivu. Na wewe mwenyewe uliniambia, uumwe usiumwe, mashine isikukute haupo.”

Mama Vibarua akakumbuka. Alisema hayo. Aliyasema kwa kidole, tena mara tatu, akiwa amesimama kwenye ngazi za fundi viatu. Alitaka mtu asichelewe, asitoroke, asilete visingizio. Nani angefikiria kumwambia mtu kwamba kazini uende wewe mwenyewe na mwili wako? Lo! Angemwambia na kupumua apumue mwenyewe?

“Mara ngapi?” akauliza.

Wawili wale wakatazamana.

“Mwanzoni mara mojamoja,” akasema wifi mtu, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala njaa. “Halafu baridi ikazidi, mtoto akazidi. Siku hizi siku nyingi ni mimi. Lakini sikuharibu kitu, mama! Muulize. Mimi kukunja napenda. Wifi yangu anakunja vizuri ila polepole, anawaza sana. Mimi siwazi.”

“Mungu wangu,” akasema Mama Vibarua.

“Unaona?” Meneja akapiga meza. “Unaona wanavyoongea? Kama vile ni shamba la babu yao! Mama, ile mirija ni ya moto. Ingemla vidole huyu dada, ningesema nini kwa watu wa bima? Vidole vya nani? Kwenye daftari langu huyu hayupo. Mimi ningefungwa, kiwanda kingefungwa, na nyinyi mngekuja na maua.”

Katika hilo alikuwa na haki, na Mama Vibarua alijua, na kujua huko kulimuuma zaidi. Meneja mwovu ungemtukana ukaondoka umepumua. Huyu alikuwa mtu wa kawaida aliyeudhiwa. Ikabidi aombe.

Akaomba. Mama Vibarua kwa kuomba hana mpinzani. Alimwambia meneja kwamba hawa si matapeli, tapeli hachapi kazi namna hiyo. Alimwambia kosa ni lake yeye, hakuwaeleza, atawaeleza leo hii hii. Akamwambia habari za Doto mwanzo mpaka mwisho, vipele, uwanja wa ndege, bibi, uhamiaji. Alipofika kwenye majaribio kuisha wiki hii alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, naye hakuwa anaigiza. Mama Pacha alikuwa anamsikiliza kwa makini, anatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Meneja akatoa kalamu sikioni. Akaiweka mezani. Akairudisha sikioni.

“Sawa,” akasema. “Polisi siiti.”

“Mungu akubariki, baba.”

“Ngoja. Mashuka yamekunjwa vizuri, hilo silikatai. Aliyeyakunja ni huyu.” Akamnyooshea kidole wifi mtu. “Huyu nitamwajiri. Kwa jina lake, kwa sura yake, mkataba wa kudumu leo hii. Mwingine aende.”

Nje ya vioo mashine ilikuwa inanguruma tu.

“Bwana Meneja, sikiliza,” akasema Mama Vibarua. “Geuza. Huyu mfupi nitamtafutia mimi pengine, ana mikono, hatakosa. Mkataba mpe mama mtoto. Ni huo tu. Atakunja haraka, nitamsimamia mwenyewe, nitakuja kusimama pale kwenye mashine nimkemee.”

“Huyu ndiye aliyenidanganya.”

“Wamekudanganya wote wawili!”

“Aliyesaini kwangu ni huyu. Ndiye aliyetoa kitambulisho changu akakivisha shingo ya mtu mwingine. Mama, mimi nafua mashuka. Siunganishi familia. Nikikaa hapa nasikiliza nani ana mtoto wapi, hospitali zitalaza wagonjwa juu ya mpira mtupu wa godoro.”

“Basi sitaki!” Wifi mtu akasimama, akaanza kuvua kile kitambulisho. “Sikuja kumpokonya wifi yangu. Nilimshikia tu. Mpe mwenyewe.”

“Kaa, wifi,” akasema Mama Pacha.

“Sikai!”

“Kaa. Ukikataa wewe, nani ataleta chakula? Sote wawili tuzunguke na mama huyu barabarani?” Alizungumza taratibu, wala hakuonyesha kinyongo. “Chukua. Ikiwa kwako ni kwangu. Kazi si imebaki nyumbani?”

Wifi mtu akakaa. Akasaini, machozi yanamdondoka juu ya meza ya watu, na meneja akatazama pembeni mpaka alipomaliza. Wale wengine wanne, alipoulizwa na Mama Vibarua, akasema tutaona. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta kazi anajua tutaona maana yake nini. Kisha wifi mtu akarudishwa kwenye mashine, maana shuka haliwezi kushikwa na mtu mmoja na mwenzake alikuwa amekaa tangu asubuhi anamngoja.

Mama Vibarua, Mama Pacha na Kurwa wakatoka nje. Upande wa pili wa barabara palikuwa na ukuta mfupi wa kukalia. Wakakaa. Mama Vibarua alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda. Amkasirikie nani? Meneja? Huyu mwanamke aliyekaa hapa amepakata mikono, ametulia kama mtu aliyetoka kusali?

Tena ana furaha! Ndiyo, Mama Pacha alikuwa anatabasamu.

“Mama, nashukuru sana,” akasema. “Nilidhani leo unga umemwagika. Sasa mkataba wa kudumu umepatikana. Doto ataletwa lini? Twende uhamiaji leo leo au tungoje kesho?”

Mama Vibarua akamgeukia.

“Mama Pacha. Mkataba ni wa wifi yako.”

“Ee. Shangazi yake Doto.”

“Walisema mama. Walisema mama awe na kazi.”

“Shangazi ni baba,” akasema Mama Pacha kwa upole, kama anamsaidia mwenzake aliyesahau kitu kidogo. “Ndugu yake amekufa, yeye ndiye aliyebaki baba. Hata mahari ya Doto atapokea yeye. Baba si mzazi?”

Ungefanya nini wewe? Mama Vibarua akatoa simu, akapiga uhamiaji pale pale. Ikaita, ukapigwa muziki, ikaita, muziki tena. Mwisho akapokea dada mmoja mwenye sauti ya mafua. Mama Vibarua akaeleza. Akaeleza tena.

“Ana uhusiano gani na mtoto?” akauliza dada wa mafua.

“Shangazi. Lakini kwao, mwanangu, nielewe, kwao shangazi ndiye baba.”

“Ni mwanaume?”

“Mwanamke.”

“Sasa mwanamke atakuwaje baba?”

“Baba yao amekufa!”

“Pole. Basi mzazi aliyebaki ni mama. Mama ana ajira?”

“Alikuwa nayo mpaka saa hizi tu.”

“Akiipata nyingine, amalize majaribio, kisha mtupigie. Kuna lingine?”

Kuna lingine! Mama Vibarua akakata simu kwa kidole kilichotaka kuivunja. Akatamani kulia, akatamani kupiga mtu, akatamani hata yule fundi viatu awepo agombane naye. Miaka yote hii anawapeleka watu milangoni, na kila mlango una mtu nyuma yake asiyekuwa na kosa. Mwenye kiwanda ana bima yake. Dada wa mafua ana sheria zake. Na katikati mtoto hana hata mmoja wa kumdai.

“Amesemaje?” akauliza Mama Pacha.

“Amesema huku shangazi hahesabiwi.”

Mama Pacha hakuelewa. Ilionekana usoni, alikuwa anatafuta mahali pa kuliweka neno lile na hapaoni. Kisha akaelewa, taratibu, kuanzia mdomoni kwenda juu. Tabasamu likakauka. Akajifunika kanga kichwani vizuri, ingawa ilikuwa imekaa vizuri tayari.

“Kwa hiyo nimemfungia mwanangu mlango,” akasema. “Mimi mwenyewe.”

“Usiseme hivyo.”

“Niseme vipi?”

Mama Vibarua alitaka kumwambia nitakutafutia nyingine, neno alilolisema kwa watu wengi mpaka limechakaa, likakataa kutoka. Na hapo hapo simu ya Mama Pacha ikaita. Alikuwa bibi, kule mbali. Wiki yote alikuwa anapiga, kwa kuwa waliambiwa wiki hii kutakuwa na habari.

Mama Pacha akaiangalia ikiita. Akapokea. Kelele za upepo zikasikika, kisha si sauti ya bibi, ni ya mtoto, kali, ya haraka, mpaka Mama Vibarua aliyekaa pembeni alisikia kila neno.

“Mama! Bibi kanipa niongee mimi! Nakuja lini?”

“Doto, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Nakuja lini?”

“Bado kidogo, mama. Kazi imepata tatizo. Mama hana kazi sasa.”

Upepo tu.

“Kwa hiyo siji?”

“Utakuja. Si sasa.”

Mtoto akafikiri. Walimsikia akifikiri, anapumua karibu na simu. Na aliposema hakusema kwa kulia, alisema kama mtu mzima anayepatanisha wenziwe.

“Basi mama, mtume Kurwa arudi huku kidogo, na mimi nije huko. Atakaa hapa na bibi. Kisha tutabadilishana tena. Si tunafanana? Hawatajua.”

Kurwa alikuwa ameegemea goti la mama yake. Naye alisikia. Akakohoa, akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta.

“Mimi nakubali,” akasema.

Mama Vibarua alingoja mama yao acheke, au alie, au amkemee mmoja wao. Mama Pacha hakufanya lolote katika hayo. Aliiziba simu kwa kiganja ili mtoto asisikie, akamgeukia.

“Na hilo je, mama,” akauliza. “Hilo linaruhusiwa?”